Mikokoteni Inaunga Mkono

Serikali ilipowatoa watu mbugani na kuwaleta kando ya barabara ya lami, ilikuwa na sababu nzuri, na sababu hizo zilisomwa kwa kipaza sauti ili asiwepo wa kusema hakusikia. Kando ya barabara watu wangepata maji, wangepata shule, wangepata zahanati, na zaidi ya yote wangepata barabara yenyewe. Nkuba alikuwa ameshahama mara moja kwa hiari yake, kutoka Usukumani na ng'ombe wake hadi mbuga za Usangu. Sasa alihamishwa kwa hiari ya wengine, yeye na mkewe Kalista, kuku, vyungu na kinu kilichopasukia juu ya lori.

Kijiji kipya kiliitwa Tupendane. Maji yalikuwa bado njiani, shule ilikuwa na ukuta mmoja, na zahanati ilikuwa kibao kilichoandikwa ZAHANATI. Lakini barabara ilikuwepo jamani, tusiwasingizie watu. Ilipita mbele ya mlango wa Nkuba, nyeusi na laini, na mabasi ya Mbeya na malori ya mbao kutoka Mafinga yaliipita mbio mchana kutwa. Nkuba alikuwa na mkokoteni na maksai wawili, Karani na Bwanashamba, na siku ya kwanza alipowapitisha juu ya lami alikiri mwenyewe kwamba mkokoteni haujawahi kuwa mwepesi kiasi kile. Alianza kuisamehe serikali kidogo kidogo, kuanzia kwenye kinu.

Miaka miwili haijatimia, watu walioletwa barabarani wakakatazwa barabara.

Ilikuwa hivi. Mgeni mmoja mkubwa, ambaye ukubwa wake ulijulikana kwa idadi ya watu waliogombea kumfungulia mlango wa gari, alipita pale akielekea Mbeya. Karibu na daraja gari lake lilikanyaga samadi mbichi, na samadi, ambayo haijui vyeo, ikaruka hadi kwenye dirisha aliloliacha wazi. Mgeni alijifuta shavu, kisha akamgeukia Ndugu Sedekia, Katibu Tarafa, aliyekuwa ameketi ubavuni pake, akamwuliza, "Hii ni barabara au zizi?" Wanaosimulia wanasema Ndugu Sedekia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake hakucheka tena. Aliitisha mkutano.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo lami ni ya magari. Baiskeli, mikokoteni, punda, na kila kitu kinachokwenda polepole, kisionekane juu ya lami wala juu ya daraja. Mwendo wa polepole ni adui wa maendeleo!"

Watu wakapiga makofi. Nkuba naye alipiga. Mikono ya mtu mkutanoni hupiga yenyewe, akili hufika baadaye, na akili ya Nkuba ilifika wakati makofi yamekwisha na watu wameanza kukung'uta vumbi kwenye nguo. Alinyoosha mkono.

"Ndugu Katibu, samahani. Hiyo sheria iko wapi?"

"Sheria ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo juu," alisema Ndugu Sedekia, akaonyesha kwa kidole, na watu wote wakatazama juu, walikokuwa wakizunguka kunguru wawili.

Sasa, Nkuba hakuwa mtu wa kupenda maneno, na laiti jambo lenyewe lingekuwa la matembezi tu angelinyamazia. Lakini mpunga wake wa mwaka mzima ulikuwa ng'ambo ya mto. Walihamisha watu, hawakuhamisha mashamba. Mashamba yalibaki kule kule kwenye mahame, mwendo mrefu mbugani, na mpunga alikuwa ameshauvuna, ameupura, ameutia kwenye magunia na kuyapanga ndani ya kibanda cha nyasi. Mto ulikuwa na kingo zilizosimama kama ukuta, na hapakuwa na pa kuvusha mkokoteni isipokuwa juu ya lile daraja. Na ulikuwa ni ule mwezi ambao majani yamekauka Usangu nzima, wachungaji wanachoma nyika ili yachipue majani mapya, na moto ukishawashwa hauulizi kibanda hiki cha nani. Kila asubuhi Nkuba alisimama mlangoni akitazama moshi mbugani. Kila asubuhi ulikuwa umesogea.

Nyumbani walikuwa wameshajua njaa ni nini. Mwaka ule wa ukame walikula unga wa msaada, ule wa njano ambao watu waliuita Yanga, na Kalista alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kwamba hatapika tena ugali wenye rangi ya timu ya mpira.

"Tubebe kichwani," Nkuba alisema.

"Kichwa cha nani?" Kalista aliuliza. "Changu hiki kina kazi nyingine."

Nkuba alikwenda na mkokoteni kujaribu bahati yake darajani. Pale alikuta boriti imelazwa kukata njia, na nyuma ya boriti mgambo aitwaye Asukile, kijana wa Tukuyu mwenye kofia iliyomzidi. Asukile alikuwa mtu mwema. Alimsalimia, akamwulizia ng'ombe na mama watoto, kisha akamwambia hawezi kupita.

"Baba, mimi nimeambiwa tu. Cha polepole hakipiti."

"Na hilo je?" Nkuba alimwonyesha lori la mbao lililokuwa likipanda mlima taratibu, likitoa moshi mweusi na kunguruma kwa uchungu, huku kuku wa barabarani wakilipita.

Asukile alilitazama kwa makini. "Lile ni la haraka," alisema. "Limechoka tu."

Basi Nkuba akauacha mkokoteni kwa jirani, akavuka kwa miguu kwenda ofisini kwa Ndugu Sedekia kuomba kibali cha siku moja. Hakukipata. Alipata maelezo kuhusu nchi zilizoendelea, ambako, alivyoambiwa, ng'ombe hawaonekani kabisa barabarani, na alipouliza kule watu hula nini aliambiwa asilete siasa za kupinga.

Njiani akirudi ndipo alipoyaona maandamano. Walikuwa wanafunzi na wakulima wa kijiji cha mbele, wameshika matawi mabichi, wanaimba, wameijaza lami kutoka ukingo hadi ukingo, na wanakwenda kwa mwendo wa konokono aliyeshiba. Nyuma yao lilikuwepo basi, nyuma ya basi malori, na hakuna aliyethubutu kupiga honi. Dereva wa basi alikuwa ametoa mkono dirishani na tawi lake. Asukile alikuwa ameinua boriti mapema na kusimama wima mkono kwenye kofia.

"Mnaunga mkono nini?" Nkuba alimwuliza mzee mmoja wa nyuma.

"Hatujajua," alisema yule mzee, akihema. "Tutaambiwa tukifika."

Nkuba alimsimulia mkewe jambo hilo kwa kucheka. Kalista hakucheka. Aliacha kupepeta, akakaa na ungo wake mapajani.

"Walikuwa wanakwenda haraka?"

"Haraka wapi! Karani anawapita akiwa amelala."

"Na boriti aliinua?"

"Aliinua."

"Basi baba," Kalista alisema, "na sisi tuna jambo la kuunga mkono. Tumepewa amri nzuri namna ile, hatujasema hata asante."

Mpaka jua linazama kila kaya ya Tupendane ilikuwa imekubali kwamba amri ya Ndugu Sedekia ni nzuri ajabu na ni aibu kijiji kukaa kimya. Jumamosi asubuhi waliandamana. Mbele walikwenda wanawake na matawi ya mwarobaini. Nyuma yao baiskeli, zote za kijiji, pamoja na ile isiyokuwa na mnyororo ambayo mwenyewe aliisukuma kwa heshima zote. Nyuma ya baiskeli ikafuata mikokoteni, ng'ombe wamevishwa matawi pembeni mwa nira, na juu ya mkokoteni wa Nkuba, katikati kabisa ya lami, lilisimamishwa shuka jeupe lililoandikwa kwa mkaa: TUPENDANE TUNAUNGA MKONO MIKOKOTENI NA BAISKELI ZISIPITE HAPA.

Asukile alilisoma shuka lile mara ya kwanza, akalisoma tena. Midomo yake ilikuwa ikicheza.

"Baba Nkuba. Hii ni mikokoteni."

"Ndiyo."

"Mikokoteni haipiti."

"Ndivyo tunavyosema na sisi. Soma vizuri, mwanangu."

"Sasa nikiwazuia..."

"Ukituzuia utakuwa umezuia wananchi kuunga mkono," alisema Kalista kutoka juu ya mkokoteni. "Mimi sikuambii kitu. Wewe ndiye utakayeulizwa."

Masikini Asukile. Alikuwa amefundishwa kuzuia wavunja amri, hakufundishwa la kufanya na waipendao kupita kiasi. Aliinua boriti, akapiga saluti, na baiskeli ya mwisho ilipopita alikuwa bado ameganda vilevile.

Ndugu Sedekia alitoka ofisini akiwa na kikombe cha chai mkononi, na tuseme kweli, aliguswa. Tangu apewe tarafa hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili ya jambo lake mwenyewe. Siku zote walikuja kuunga mkono ya wakubwa, yeye akawa wa kupokea na kupeleka mbele. Alisoma shuka, akakohoa, akavua miwani akaifuta. Kisha macho yake yakatua kwenye mikokoteni.

"Lakini ndugu zangu, mbona mmekuja nayo?"

Karani akachagua wakati huohuo kuongeza samadi barabarani.

"Tumekuletea uione, Ndugu Katibu," Kalista alisema. "Uone kwa macho yako inavyochelewesha."

"Aa!" Ndugu Sedekia alisema, na uso wake ukafunguka. "Elimu kwa vitendo!"

"Hiyo hiyo. Na tukirudi tutaipakia mizigo. Ikiwa tupu ubaya wake hauonekani sawasawa."

Walimvika kilemba cha ukoka mtu wa watu, na kilimkaa vizuri hata hakujigusa kichwani. Aliwahutubia kwa muda mrefu. Nao walipiga makofi, wakaimba, wakaenda moja kwa moja mahame, na jioni ile magunia ya Tupendane yalivuka daraja juu ya lami laini, yakiwa na matawi ya mwarobaini juu yake, huku dereva wa basi la abiria akingoja nyuma kwa adabu. Jumamosi iliyofuata waliunga mkono tena. Na iliyofuata pia, maana mpunga ulikuwa mwingi na mapenzi yao kwa amri yalikuwa hayajapoa. Moto ulipofika kwenye kibanda cha Nkuba ulikuta nyasi tupu na panya.

Nkuba alikuwa na furaha kubwa. Alisimulia kisa kile kwenye pombe, kwenye misiba na kisimani, na kila alipokisimulia midomo ya Asukile ilicheza zaidi. Kalista alimwambia apunguze, naye akamwambia mke wangu, acha watu wacheke, kucheka hakulipiwi kodi.

Ila Ndugu Sedekia naye alikuwa anasimulia. Alisimulia wilayani, wilayani wakasimulia mkoani, na mahali fulani huko njiani kicheko kilidondoka, kikafika kisa kitupu. Siku moja redio ya jirani ilitangaza kwamba wananchi wa Tupendane, kwa hiari yao wenyewe, wameandamana Jumamosi tatu mfululizo kutaka vyombo vya mwendo wa polepole viondolewe barabarani, na kwamba kutokana na shauku hiyo ya wananchi, amri sasa itatumika katika barabara zote za wilaya, za lami na za udongo. Watu wa Tupendane walilisikia jina la kijiji chao redioni, wakashangilia. Nkuba naye alishangilia. Akili ilichelewa tena.

Dada yake, Roza, aliishi ng'ambo ya mto, upande wa Ubaruku, kijiji kingine cha kuhamishwa, kando ya barabara ya udongo iendayo mashine ya kukobolea mpunga. Alikuwa mjane. Mpunga wake nao ulikuwa mahame, kwenye kibanda cha nyasi. Alifika Tupendane asubuhi moja kwa miguu, midomo imepasuka kwa jua, kichwani ana kifurushi kidogo cha kanga. Kalista alimpokea, akamtandikia mkeka, akampa maji. Roza aliyanywa yote kabla ya kusema lolote. Kisha akafungua kanga.

Ulikuwa mpunga, mweusi kama mkaa. Alichota kiganjani, akaufikicha, akaupuliza, na kiganjani hapakubaki kitu.

"Ndio huu niliookota," alisema. "Mwingine umekuwa majivu."

"Dada, mbona hukuuleta nyumbani mapema?" Nkuba aliuliza, na hapohapo alitamani ardhi ipasuke.

"Niulete na nini? Shemeji, ndugu wa marehemu, alikuja na mkokoteni, wakamrudisha njiani. Mwenye baiskeli wakamnyang'anya pampu. Nikawauliza, jamani, hii amri katoa nani? Wakasema si sisi, wenyewe wa Tupendane ndio walioomba. Nikawaambia hapana, Tupendane yupo kaka yangu, hawezi kuomba kitu kama hicho." Alikunja kanga yake polepole. "Uliomba, kaka?"

Nkuba alikuwa na jibu refu. Lilikuwa na Asukile ndani yake, na shuka, na Karani, na elimu kwa vitendo, na kila aliyelisikia alikuwa amecheka mpaka akashika mbavu. Alilitafuta lote mdomoni asilipate. Aliona aibu, aibu ile ambayo mtu huisikia mpaka kwenye meno.

"Ndiyo," alisema. "Niliomba."

Roza hakumtukana. Alisema amechoka, akajilaza kwenye mkeka, akageukia ukuta.

Nkuba alitoka nje. Aliwafunga Karani na Bwanashamba nira, akapakia magunia ya mpunga wake, si moja wala mawili, na Kalista akamsaidia kunyanyua bila kuuliza yanakwenda wapi. Jirani mmoja aliona, akaja mbio na tawi la mwarobaini.

"Leo si Jumamosi! Tunaunga mkono nini?"

"Rudisha tawi lako," Nkuba alisema.

Jua lilikuwa limeshapanda alipofika darajani. Kalista na Roza walikaa juu ya magunia. Asukile alitabasamu alipomwona, akashika boriti tayari kuinua, kisha akatafuta shuka kwa macho asilione.

"Baba Nkuba, leo maandamano ya nini?"

"Hakuna maandamano. Nampeleka dada yangu kwake na chakula."

"Basi..." Tabasamu lilimtoka Asukile. "Basi huwezi kupita, baba. Ungekuwa na tawi hata moja. Sema neno tu, sema unaunga mkono, mimi nitasikia."

"Sisemi."

"Watakukamata."

"Najua. Ninaogopa, mwanangu, usidhani siogopi. Ila ninapita."

Akawasimamisha maksai katikati ya lami, pua za Karani zikiigusa boriti, akakaa. Basi la Mbeya likafika nyuma yake, likapiga honi. Lori la mbao likafika, likapiga honi. Upande wa pili nako magari yakaanza kupangana, kwa kuwa boriti ile, kwa bahati mbaya, haikubagua pande. Madereva walishuka wakatukana. Abiria walishuka wakauliza, na walipojibiwa wengine wao, waliokuwa na mashamba, wakanyamaza. Mwenye baiskeli mmoja, aliyekuwa akijificha na mzigo wake kwenye majani chini ya daraja, akapanda juu, akaisimamisha baiskeli yake kando ya mkokoteni.

Mwishowe akaja Ndugu Sedekia kwa miguu, maana gari lake lilikuwa limekwama mbali huko kwenye foleni. Alikuja akitengeneza tai, akakunjua uso tayari kwa kazi. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akitafuta bango la kusoma.

"Ndugu Nkuba! Haya ni maandamano ya nini leo?"

"Si maandamano, Ndugu Katibu," Nkuba alisema. "Ni mkokoteni."

Ndugu Sedekia alifungua kinywa. Alikuwa na hotuba za kila aina, za kupokea na za kuaga, za kushukuru na za kuonya, lakini kwa mkokoteni tu, usioomba wala kuunga mkono chochote, hakuwahi kuandaliwa hotuba. Honi zilikuwa zinalia pande zote mbili. Roza, juu ya magunia, alikuwa anamtazama kaka yake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Asukile hakungoja aambiwe. Akainua boriti.